Pedali ya Landrova ya Mjomba

"Piga!" Rehani alipaza sauti kutoka chini ya gari.

Juu kwenye usukani, Halidi akapiga pampu. Pedali ikalia kwi, kwi, kwi.

"Shikilia!"

"Nimeshikilia, kaka!"

Rehani akalegeza nipo, kile kinati kidogo nyuma ya tairi ambacho kikilegezwa upepo wa breki hutoka. Mafuta ya breki yakamchuruzikia mpaka kwenye kiwiko, akakaza tena. "Achia!" Wakarudia. Wakarudia mpaka mkono ukamfa ganzi na mgongo wote ukawa tope. Kisha akatambaa kutoka, akajifuta kwa jani la mgomba, akapanda mwenyewe na kukanyaga. Pedali ikasimama imara. Akashuka, akanywa maji, akapiga soga kidogo na muuza mihogo wa jirani, akarudi kuikanyaga tena. Ikazama mpaka sakafuni, laini, kama mtu anayekanyaga godoro.

"Vipi?" Halidi aliuliza, uso umemjaa huruma.

"Ile ile."

"Pole sana, kaka. Mtu unajitahidi mpaka unaonekana mifupa, halafu mambo ndiyo haya."

Walikuwa Mkuyuni, kiwanjani nyuma ya nyumba ya Rehani, soko likivuma upande wa pili wa barabara. Landrova ilikuwa imewekewa mawe mbele na nyuma ya matairi, maana gari lenye breki za mashaka halisimami kwa heshima tu.

Gari lenyewe lilikuwa la Mzee Abdi, mjomba wake. Alilinunua zamani kwenye mnada wa mradi mmoja uliofungasha virago, na tangu hapo likawa gari la watu wote wa kule juu mlimani. Lilishusha ndizi, magimbi na mdalasini. Lilipandisha saruji, mabati, na akina mama waliokwenda mjini na matumbo na kurudi na vichanga. Mama yake Rehani alipofariki, Mzee Abdi ndiye aliyemchukua, akamlisha, akamfundisha kuendesha kwenye barabara ile ile ya mlimani, akimtandika kofi la kisogo kila alipokanyaga breki pasipo na haja. Macho ya mzee yalipofifia, Rehani akashika usukani, na hakuna aliyeuliza gari litakuja kuwa la nani. Kwa Waluguru mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake, ndani ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Watoto aliowazaa mwenyewe nao wana mjomba wao wa kumtazamia. Halidi, mwana wa Mzee Abdi, alilijua hilo tangu ananyonya, na alikuwa akilifanyia mzaha. "Mimi nangoja urithi wa mjomba wangu kule Kinole," alikuwa akisema. "Ana baiskeli nzuri sana, imekosa tu mnyororo na matairi."

Watu walikuwa wanacheka. Rehani alikuwa anacheka kuliko wote.

Ugonjwa wa breki ulianza kwa haki. Mwanzoni mwa masika silinda ya tairi moja la nyuma ilianza kuvuja, pedali ikalegea. Rehani si fundi wa kusomea, lakini gari lile alikuwa akilijua kuliko alivyowajua baadhi ya ndugu zake. Alifungua dramu, akatoa sili zilizochakaa, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, akaweka mpya kutoka mjini, akafunga. Ikabaki kutoa upepo, kazi ambayo huwa ya watu wawili: mmoja chini na spana, mmoja juu na mguu. Aliye chini hamwoni aliye juu. Anasikia sauti yake tu. Kwa miaka yote aliye juu alikuwa Halidi.

Jumapili moja walitoa upepo, pedali ikakaza, na Rehani mwenyewe akapanda kwa miguu mpaka kwa mjomba kumpa habari njema. "Imepona," akamwambia. Mzee akainua mikono, "Alhamdulillahi! Mungu akuzidishie, mpwa wangu." Jumatatu alfajiri Rehani akalipandisha gari mlimani, na asubuhi akashuka na ndizi za watu, pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakienda Msamvu kupanda basi. Kwenye kona kali kuliko zote, ile ambayo upande mmoja ni ukuta wa udongo na upande wa pili ni vilele vya miti, alikanyaga na mguu ukaenda mpaka chini. Hakukuwa na kitu. Akapampu, akarudisha gia mpaka injini ikapiga yowe, akavuta hendibreki, na mwisho akaliegemeza gari kwenye ukuta wa udongo likaserereka na kusimama huku limelalia ubavu. Mmoja wa wale wanawake, Bi Upendo, alishuka akicheka na kulia kwa pamoja. Akaketi barabarani juu ya mkungu wa ndizi, akakataa kunyanyuka.

Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo Rehani hakubeba tena binadamu, na usingizi wake ukawa wa vipande vipande.

Mzee Abdi naye akaitisha kikao cha ukoo. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba, fimbo katikati ya magoti, akasema maneno ambayo kila mtu aliyaona ya busara. "Mimi sitaki gari la kuua watu wangu. Ijumaa ijayo baada ya swala, tutakutana hapa hapa. Likipanda na kushuka salama, ni la Rehani, kama ilivyo desturi yetu, na nitalikabidhi mbele yenu. Lisipoweza, kuna mtu wa vyuma chakavu mjini, atakuja kulichukua. Tutakuwa tumemaliza."

Wazee wakaitikia. Rehani pia akaitikia. Angefanya nini? Bila Landrova angekuwa mtu wa kubeba mizigo sokoni, lakini hilo halikumtisha sana. Kilichomtisha ni kwamba mjomba angemkabidhi gari mbele ya ukoo, kama mtu wake, na yeye aje ashindwe na pedali.

Basi akaitafuta hitilafu kama mtu anayetafuta sindano kwenye pumba. Alipapasa kila tairi kwa ndani, hakuna unyevu. Akakaza breki za dramu moja baada ya nyingine, akihesabu kwamba labda zimekaa mbali na dramu ndiyo maana pedali inasafiri safari ndefu. Wapi. Akabana mipira ya breki kwa koleo, mmoja mmoja, akakanyaga kila mara, ili pedali ikikaza ajue ubaya uko upande wa mpira uliobanwa. Ulaini ukapungua kidogo huku, kidogo kule, kidogo kila mahali, na jibu la namna hiyo si jibu. Mwishowe akafungua masta silinda, lile bomba la juu linalosukuma mafuta kwenda kwenye matairi yote, akabadilisha sili zake zote za ndani. Kila alipomaliza, walitoa upepo, yeye chini na Halidi juu. Na kila walipomaliza, pedali ilikaza dakika ile, na baada ya muda ikalala.

Halidi hakuchoka. Kwa kweli hata mke wa Rehani, Mwaisha, ambaye si mwepesi wa kusifu mtu, alikiri kwamba kijana yule ana moyo. Alikuwa anashuka kila asubuhi kutoka mlimani, anakula wali wao, anakaa kwenye usukani mpaka jua linazama, anasema "pole, kaka" kwa sauti ya chini kama yuko msibani.

Jumatano, Rehani akawa amepata wa kumlaumu. Akapanda basi mpaka Morogoro mjini, akaingia kwenye duka la spea la Girish karibu na soko, akatupa boksi la sili juu ya kaunta mbele ya wateja.

"Girish, umeniuzia feki."

Girish, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliweka kikombe cha chai chini taratibu. Mkewe Shobha, aliyekuwa akipanga beringi kwenye rafu, akageuka na kumwangalia Rehani juu mpaka chini.

"Shikamoo kwanza hakuna?" Shobha aliuliza. "Leo tumekuwa wezi hata salamu tumenyimwa?"

Rehani akaona haya, lakini hasira ilikuwa imeshatangulia. "Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Nimebadilisha kila kitu. Sili zako za nyuma, sili zako za masta. Pedali bado laini. Juzi juzi nusura niue watu!"

"Marahaba. Ukiikanyaga na kuishikilia, inazama polepole yenyewe?" Girish aliuliza.

"Hapana."

"Ukipampu mara nyingi, inapanda?"

"Inapanda, inakaza kabisa. Ukiiacha ikapumzika, ya kwanza inaenda mpaka chini."

"Basi si sili zangu. Kwa sili mbovu ya masta, pedali ingezama ukiwa umeikanyaga. Huo ni upepo, bwana. Kuna upepo ndani na hujautoa."

"Nimeutoa mpaka mikono imechubuka!"

"Hujautoa." Girish alikuwa amekasirika, ila yeye hasira yake ilikuwa ya mdomo uliobana. Akainama chini ya kaunta, akaja na kipande cha mpira mwembamba unaoonyesha ndani. "Chomeka huu kwenye nipo. Huku mwisho tumbukiza ndani ya chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Upepo ukitoka utaona mapovu kwa macho yako, badala ya kubahatisha gizani. Mapovu yakiisha, kazi imeisha. Halafu rudi uniombe radhi mbele ya watu, kama ulivyonitukana mbele ya watu."

Alhamisi asubuhi wakaanza upya. Rehani alichomeka mpira, akatumbukiza mwisho wake kwenye chupa, akalala chini shavu likigusa udongo, jicho kwenye ule mpira. Hakumwambia Halidi habari ya mpira. Si kwamba alikuwa na lake jambo. Halidi alifika amechelewa, akaingia moja kwa moja kwenye usukani.

"Piga! Haya, shikilia!"

"Nimeshikilia, kaka!"

Akalegeza nipo. Mafuta yakashuka kwenye mpira, na ndani yake mapovu, madogo madogo, mengi, yakaingia kwenye chupa. Rehani alitabasamu peke yake kule chini. Girish alisema kweli, mzee wa watu, na kesho kutwa atakwenda kumpigia magoti. Akawa anasogeza spana akaze nipo.

Kabla hajaikaza, kabla hajafungua kinywa kusema achia, mafuta yalisimama. Halafu yakarudi. Yalipanda mpira yakielekea kwenye tairi, haraka, na chupa ikapungua.

Mafuta hayarudi yenyewe. Yanarudi pale mguu unapoinuka juu ya pedali huku nipo iko wazi. Pedali ikinyanyuka inavuta, na pasipo na mpira wala chupa, kinachovutwa ni upepo.

"Halidi, mguu umekuteleza?"

"Hapana, kaka. Nimeshikilia hapa hapa."

"Hujaachia?"

"Niachie vipi hujaniambia?"

Rehani akakaza. Labda kijana amechoka. Labda kiatu kina tope. Akamwambia apige tena, ashikilie tena, akalegeza tena. Mafuta yakashuka, yakasimama, yakarudi. Akahamia tairi jingine, akachomeka mpira. Yakashuka, yakasimama, yakarudi.

"Umeshikilia kweli, mdogo wangu?"

"Mpaka goti linauma, kaka."

Alibaki amelala pale chini. Juu yake aliona tu bati la sakafu ya gari, na juu ya bati hilo ulikuwepo mguu ambao hakuweza kuuona. Kila siku, kila tairi, kila alipokuwa akijichubua vidole, mguu ule ulikuwa ukinyanyuka kidogo tu, kwa wakati wake, na kurudisha ndani upepo ule ule aliotoka kuutoa. Na sauti ikisema nimeshikilia. Jumapili ile pia, kabla ya kona. Rehani aliumia. Aliumia kwanza kama mtu aliyepigwa na mlango, bila kufikiri. Kisha akafikiri, na hapo ndipo maumivu yenyewe yalipoanza.

Alitamani amvute mguu ule amwangushe chini. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, kwa upole ambao hakujua ameutoa wapi, "Mafuta yameniishia. Tuache tu."

Halidi akashuka. Akajinyoosha, akamtazama kwa macho yale yale ya huruma. "Tumejitahidi, kaka. Labda nalo limechoka. Hata binadamu huchoka."

"Labda."

"Niende nikamwambie baba?"

"Mwambie nitakuja nalo hivyo hivyo. Kupanda halihitaji breki."

Halidi alipotokomea barabarani, Rehani alimwita Mwaisha. Mwaisha alikuja mikono ina unga, hajawahi kukalia usukani ule maisha yake yote. Akamwonyesha pedali. "Nikisema piga, piga. Nikisema shikilia, shikilia mpaka niseme achia. Basi."

Walizunguka matairi yote. Mapovu yalitoka, yakapungua, yakaisha. Mafuta yakashuka safi na hayakurudi. Walipomaliza, Rehani aliliacha gari lipumzike, akatawadha, akaswali adhuhuri, akala, ndipo akarudi kukanyaga. Pedali ilimsubiri juu, imara, mguu wa kwanza. Akalitembeza kwenye mteremko wa sokoni, akakanyaga, likasimama papo hapo mpaka kuku wakaruka.

"Mbona rahisi hivi?" Mwaisha aliuliza. "Hiki ndicho mlichokuwa mkihangaika nacho wiki zote hizi?"

Ndipo akamweleza. Mwaisha alisikiliza bila kumkatiza, jambo la nadra kwake. Mwishoni hakumlaani Halidi kama Rehani alivyotarajia. Akauliza swali.

"Jumatatu ile ya ajali, mjomba si alikuwa na miadi ya macho hospitali mjini? Alishukaje?"

"Sijui. Hakupanda na mimi."

"Mimi najua, nilikuwa sokoni. Alishuka na bodaboda, yeye na Halidi, wamebanana na dereva kwenye pikipiki moja. Mzee wa umri ule, ambaye siku zote anasema pikipiki ni usafiri wa watu waliochoka kuishi. Na wewe jioni iliyotangulia ulikuwa umempelekea habari kwamba gari limepona." Akajifuta mikono kwa kanga. "Nilidhani hakutaka kukusumbua."

Rehani aliketi kwenye ngazi ya gari. Angeweza kumsamehe Halidi siku moja. Halidi ana wivu, na wivu ni ugonjwa wa watu. Lakini mjomba! Mjomba aliyeinua mikono akamshukuru Mungu huku anajua kwamba asubuhi mpwa wake atashuka mlima ule bila breki. Alirudisha kila neno la mzee moyoni akalikuta limeoza. Alilia, na hakujificha, na Mwaisha akasimama mbele yake ili wapita njia wasimwone.

Ijumaa baada ya swala akapanda. Landrova ilinguruma kwenye tope jekundu, ikapita ile kona, ikaingia uwanjani kwa Mzee Abdi ambako ukoo ulikuwa umeshakaa kwenye mikeka. Bi Asia, dada mkubwa wa Mzee Abdi, ambaye ndiye mkubwa wa lukolo lote, alikuwa ameketi mbele, miguu ameinyoosha. Halidi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake.

"Shikamoo mama mkubwa. Shikamoo mjomba. Shikamooni wazee."

Wakaitikia. Mzee Abdi akakohoa. "Kupanda limepanda, tumeona. Lakini mnajua wenyewe hali yake. Rehani amehangaika, si kosa lake, kijana wa watu. Mimi naona tusihatarishe roho ya mtu. Yule bwana wa vyuma nimeshaongea naye."

"Ulisema kupanda na kushuka, mjomba," Rehani alisema. "Kushuka bado. Panda mbele, kwenye kiti chako, nikupeleke Mkuyuni na kukurudisha. Tukirudi salama unikabidhi. Tusiporudi, nalo litakuwa limekwisha, si lazima kuuza."

Watu wengine walicheka. Mzee Abdi hakucheka. Aligeuza shingo, taratibu, akamtafuta mwanawe kwa yale macho yake mabovu. Na Halidi, kwa mazoea tu, akatikisa kichwa: hapana. Kidogo sana, lakini Bi Asia alikuwa amekaa pale pale.

"Leo miguu inaniuma," mzee akasema. "Labda siku nyingine."

"Abdi." Bi Asia hakupandisha sauti. "Umemwuliza nini mwanao?"

Rehani ndiye aliyejibu, na alisema yote: mpira wa Girish, mafuta yaliyorudi, Mwaisha kwenye pedali, bodaboda ya Jumatatu. Alianza vizuri, ila alipofika kwenye kona akalazimika kuanza upya. "Nilikuwa na wanawake wawili ndani, mama mkubwa. Wote wawili ni mama wa watoto. Mjomba alijua."

Halidi akawa wa kwanza kuvunjika. "Sikutaka ufe, kaka! Wallahi. Nilitaka ushindwe tu, gari lionekane halifai. Lingeuzwa mjini, na huko ningelichukua mimi bila mtu kujua. Sikutaka ufe."

"Kwenye ile kona, Halidi, kushindwa na kufa ni kitu kimoja."

"Tulidhani utaigundua kabla hujaanza kuteremka," Mzee Abdi alisema. Alikuwa anaitazama fimbo yake. "Ungekanyaga hapa uwanjani ukaona laini, ukaliacha. Nilidhani hivyo. Dada, mimi nimezeeka. Mashamba ni ya ukoo, nyumba ni ya ukoo. Huyu hapa nimemzaa mimi, na nikifa anaondoka na nini? Desturi imempa baiskeli mbovu ya Kinole. Ni mwanangu."

"Na mimi?" Rehani aliuliza.

"Wewe ni mpwa wangu," mzee akasema.

Maisha yake yote Rehani alikuwa amelisikia neno hilo kama sifa. Mpwa ni damu yenyewe, mpwa ni kiti cha mjomba. Leo alilisikia likisemwa kama udhuru, na akaelewa kwamba huenda halijawahi kuwa zaidi ya hapo.

"Ungesema," alimwambia. "Ungeniita ukaniambia, Rehani, naomba gari hili limfae Halidi. Unadhani ningekukatalia?"

Jibu kila mtu pale alilijua.

Bi Asia akaomba mkono, akainuliwa. "Gari ni la Rehani. Hilo halina mjadala, na Halidi nitaongea naye peke yangu. Lakini neno lako, Abdi, ulilitoa mbele yetu. Kupanda na kushuka. Panda ushuke naye."

"Dada, nimesema miguu—"

"Mtoto wa marehemu dada yetu ameshuka mlima huu bila breki na wewe ukiwa na habari. Panda."

Mzee Abdi akapanda. Rehani alimfungulia mlango, akamsaidia kuinua mguu kama alivyofanya siku zote, maana mikono ilikuwa haijajifunza jambo jingine. Wakaondoka, ukoo mzima umesimama unawatazama.

Barabara ilianza kuinama, na kwenye mteremko wa kwanza Rehani akakanyaga kidogo, gari likatii. Kwenye kona ya pili aliuona mguu wa mzee. Ulikuwa umekanyaga sakafu kwa nguvu, kandambili imejikunja, ukitafuta pedali ambayo upande ule haipo. Kila kona ulikanyaga. Kabla hawajafika kwenye ile kona kubwa, mzee alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, midomo ikitembea kwa dua, na Rehani hakupunguza mwendo mapema wala hakuchelewa. Alikanyaga pale alipofundishwa kukanyaga. Landrova ikapunguza, ikakunja, ikapita.

Mzee alishusha pumzi. "Zimeshika," alisema.

Rehani alitazama mbele.

Walipoingia Mkuyuni soko lilikuwa limejaa. Akasimamisha gari kando ya barabara, akazima injini, akazunguka kumfungulia mlango. Mzee alibaki ameketi, mkono wake mmoja amemnyooshea, akingoja kuambiwa kitu, chochote. Rehani aliupokea ule mkono, akamshusha mpaka miguu yote miwili ikawa chini.

"Tumefika, Mzee Abdi," akasema.

Hakuwahi kumwita hivyo tangu alipojua kusema. Mzee alisimama pale pale, kichwa amekiinamisha upande mmoja, akingoja aitwe vizuri. Rehani aliufunga mlango wa gari, akauliza kwa adabu kama atarudi naye juu au atapenda kuitiwa bodaboda.